Upande Uliokosa Rangi

Pale Masoko, ukitoka stendi kuelekea gatini, kuna kibaraza cha duka la Jonas fundi umeme, na mbele yake kuna benchi ambalo zamani lilikuwa mlango wa ghala. Bawaba zake hazijang'olewa mpaka leo. Mgeni akikosea akakalia upande wa bawaba, suruali inachanika, wenyeji wanacheka mpaka wanakohoa, kisha wanamwagizia kahawa ya kumpoza. Benchi hilo ndilo linalokata mambo yote ya Kilwa, kuanzia bei ya ufuta mpaka ndoa za watu, na waliokaa juu yake hawajawahi kusema "sijui" tangu mlango ule ulipolazwa. Hapo ndipo alipoitwa Ridhiwani, fundi baiskeli, siku moja baada ya swala ya alasiri, na alikwenda bila kupenda, kwa sababu mtu mwenye adabu zake hapeleki habari za mkewe kijiweni.

Kijiweni wanamwita Breki. Kazi yake ni hiyo, na kusema kwake pia ni kwa kubana na kuachia. Mkewe, Hamida, ambaye majirani wanamwita mama Saida, alikuwa muuza samaki wa kukaanga pale sokoni, mwanamke wa maneno, anayeweza kukutania ukaondoka huna nguo. Ramadhani ilipokwisha tu akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yakamtoka karibu yote. Anakutazama, anajua anachotaka kusema, mdomo unafunguka, neno halipo. Kwa Ridhiwani hilo lilikuwa zito kuliko mkono na mguu. Nyumba ilikuwa imekuwa kimya mno, jamani.

Sasa aliyemwita ni shemeji yake, Bakary, kaka mkubwa wa Hamida, mtu wa Kisiwani. Alikuwa amevuka asubuhi, amekaa katikati ya benchi na kofia yake ya kushonwa kwa mkono, na mashua aliyoikodi ilikuwa inamngoja gatini. Jina lake la pale ni Hukumu, na mtaijua sababu yake sasa hivi.

— Shikamoo, shemeji.

— Marahaba. Kaa. Khamisi, mpe kahawa shemeji yangu, maana leo ataihitaji.

Khamisi Dele, muuza kahawa, alimimina kikombe cha kwanza bila kuuliza chungu au ya kashata. Ridhiwani alikaa. Akaona simu mkononi mwa Bakary, na kwenye simu akaiona ile picha aliyomrushia yeye mwenyewe.

Picha yenyewe ilikuwa ya ubongo. Watafiti kutoka Dar es Salaam walikuwa wamewakusanya wagonjwa wa kiharusi wa pwani hii, wakawapeleka hukohuko Dar, wakawalaza mmoja mmoja ndani ya mashine kubwa ya sumaku, wakawasikilizisha maneno, wakatazama kichwa kinafanya nini. Baadaye daktari kijana akatuma picha kwa simu: ubongo wa kijivu, upande wa kulia una madoa mekundu yanayong'aa, upande wa kushoto hauna kitu. Ridhiwani aliipokea akafurahi kama aliyepata barua ya peponi, akamrushia shemeji yake palepale. Hakujua anampa fimbo.

— Nina neno moja tu, Bakary alisema, na kila mtu akajua yatakuwa mengi. Picha si hii? Kulia kunawaka, kushoto giza. Na maneno yanakaa kushoto. Daktari alisema au hakusema?

— Alisema kwa watu wengi yanaegemea kushoto...

— Alisema! Basi kushoto kumekwisha. Wewe unamkokota dada yangu kwenye basi mpaka Lindi, akafundishwe kusema ba, be, bi kama mtoto wa chekechea, kwa ubongo uliokwisha kufa? Namchukua leo. Akaugulie kwao, apumzike, ale vizuri, ndugu zake wamkande. Hukumu imetoka.

Sasa tuelewane. Mwanamke kwenda kuugulia kwao si aibu, na Bakary hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyemlea dada yake huyo mgongoni. Lakini Ridhiwani alikuwa anajua mambo yatakavyokuwa Kisiwani. Watampenda mno. Hajanyoosha mkono, maji yameshaletwa. Hajafungua mdomo, watoto watatu wameshamsemea. Nani atakayemngoja atafute neno? Na mazoezi ya Lindi yalikuwa kesho yake, kwa basi la kwanza. Akipanda mashua leo, basi lile limekwenda, na lijalo litakwenda, na litakalofuata.

Akanywa funda moja la kahawa, akasema:

— Shemeji, picha haijasema kufa. Daktari alieleza.

— Alieleza nini?

Hapo ndipo penye taabu. Daktari alieleza vizuri sana, na Ridhiwani alielewa vizuri sana, pale alipokuwa anaelezwa. Sasa ilikuwa kama kufungua gia ya baiskeli ya mtu mwingine: vyuma vyote unavyo mkononi, hujui kipi kilianza.

Jonas akamwahi. Jonas ni mtu wa Mingoyo aliyefuata kazi Kilwa akaoa akabaki, na wanamwita Fezi.

— Ngojeni niwape kitaalamu, alisema, akachomoa bisibisi mfukoni ili ionekane ni utaalamu kweli. Umeme unaokuja mtaani una fezi tatu. Ikianguka moja, nyumba hii inawaka, nyumba ya pili giza, na nguzo ni ileile. Si mliona juzi? Huku watu wanaangalia mpira, kule wanatafuta mshumaa. Kichwa cha shemeji kimeangusha fezi ya kushoto. Basi.

— Fezi ikianguka si inarudishwa? Ridhiwani aliuliza haraka.

— Inarudishwa na mwenye ngazi, Breki. Nani ana ngazi ya kuingia kichwani?

Wakacheka. Hata Ridhiwani alitabasamu kidogo, kwa adabu.

— Lakini sikilizeni, Jonas aliendelea, akanogewa. Mtu akichoka na giza anafanya nini? Anavuta waya kwa jirani. Ndiyo hiyo rangi ya kulia mnayoiona! Kushoto kumekwenda kuomba moto kulia. Sasa nyumba moja inalisha nyumba mbili, halafu mtu anawasha pasi. Mnajua kinachotokea.

— Moshi, alisema Khamisi Dele.

— Moshi! Na mazoezi ya Lindi ndiyo pasi yenyewe. Mtaunguza na upande uliobaki, mje mniite mimi.

— Mmesikia? Bakary alisema. Fundi huyo. Si mimi.

Ridhiwani alimtazama Jonas kwa uchungu. Mtu huyu jana tu alikuwa anaazima pampu kwake.

— Fezi, umepotea, ilisema sauti kutoka mwisho wa benchi.

Alikuwa Mwalimu Klementi, mstaafu, mtu wa milimani huko Umatumbini, aliyefundisha hesabu miaka mingi mpaka jina lake likasahaulika, watu wakabaki na Desimali. Alikuwa mkubwa kuliko wote pale, na akisema anafunga kwanza macho, kama anayesoma ubao ulio ndani.

— Breki, mama Saida alipigwa picha moja au zaidi?

— Walimpiga akiwa ametulia, Mwalimu. Halafu wakampiga akiwa anasikiliza maneno. Tena na tena, kwa zamu. Halafu daktari akasema wanachukua ile ya maneno, wanatoa ile ya kutulia. Kinachobaki ndicho kinachopakwa rangi.

Alijishangaa. Maelezo ya daktari yalikuwa yamerudi yenyewe, mazima.

— Kutoa! Mwalimu akafungua macho. Hiyo hesabu ya watoto wadogo! Sasa nijibuni. Chukulieni upande wa kushoto unafanya kazi sana akiwa ametulia, na unafanya kazi vilevile akisikiliza. Ukitoa hii kwenye hii, unapata ngapi?

— Sifuri, alisema Khamisi.

— Na sifuri ina rangi gani?

Akajijibu mwenyewe:

— Haina! Kwa hiyo kukosa rangi si kufa, Bakary. Inawezekana kushoto kwake hakulali hata dakika. Akitulia kunahangaika, akisikiliza kunahangaika. Umenifahamu?

Ridhiwani nusura ambusu mzee wa watu. Alimgeukia shemeji yake, akaona hata uso wa Bakary umelegea. Angeliacha pale, habari ingekwisha. Lakini furaha ikamponza.

— Endelea, Mwalimu! alisema.

Mwalimu akaendelea.

— Sasa basi. Mfanyakazi asiyelala tangu Ramadhani mpaka leo, hali yake ikoje? Amechakaa! Ninyi mngekuwa na huruma mngempa nini? Likizo! Tena likizo yenye malipo. Asiongee, asisemeshwe, hata salamu asipewe. Mpelekeni Kisiwani, mumweke chumba cha nyuma, mfunge dirisha. Baada ya mwaka mmoja upande wa kushoto utaamka umenenepa.

— Mwalimu!

— Mimi nafuata hesabu, mwanangu. Sifuati mtu.

— Hukumu imetoka mara ya pili, alisema Bakary.

Jamani, kuna watu wana bahati zao. Fundi umeme alipita barabara ya kwake, mwalimu akapita ya kwake, wamepingana kila hatua, na wote wawili wametokea palepale gatini kwenye mashua. Jua lilikuwa limeshaanza kulala upande wa pili wa stendi, na mashua ya Kisiwani haivushi wagonjwa gizani.

Khamisi Dele akaweka birika chini. Ana wake wawili, na kila jambo la dunia hii kwake linaanzia hapo.

— Nyinyi nyote hamjaoa wawili, alisema, ndiyo maana mnasumbuka. Pande mbili za ubongo ni wake wenza. Kushoto ni mke mkubwa. Miaka yote yeye ndiye msemaji wa nyumba, mgeni akija yeye ndiye anayemkaribisha. Kulia mke mdogo, kazi yake kuimba na kupepeta. Siku moja mkubwa akaumizwa. Mdogo akasogea mbele, akapiga neno moja, watu wote: mashaallah, mashaallah! Wakampiga na picha! Wakampaka na rangi! Mke mkubwa akiona hivyo atafanyaje?

— Atasusa, alisema Jonas.

— Amesusa! Hajafa huyo, yuko chumbani amejifungia, anasikiliza kila kitu. Na huyu Breki kila mara anampeleka mdogo Lindi kutembea. Mkubwa atatoka lini?

— Kwa hiyo dawa yake?

— Amnunulie khanga.

— Nani amnunulie nani?

— Upande wa kushoto. Mfungeni khanga mpya kichwani, fundo likae kushoto.

Mwalimu alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kwenye kanzu ya Bakary, na Bakary hakuona, kwa sababu alikuwa anafikiria jambo lile kwa makini.

— Mimi kuna kitu kinanitatiza, Jonas alisema. Kama maneno yamekwisha, mbona matusi anayo? Juzi nilipita dirishani nikamwambia kwa utani hujui tena kukaanga samaki. Aliniambia mshenzi. Breki, nakuapia, neno lilikuwa limenyooka kuliko la kwako.

— Ulistahili.

— Sikatai! Nauliza linatoka wapi.

— Na Fatiha anaisoma yote, alisema Bakary kwa sauti ya chini kidogo. Mwanzo mpaka mwisho, hakosei herufi. Nilimsikia mwenyewe, nililia.

— Kwa hiyo Fatiha na matusi wanakaa chumba kimoja? aliuliza Khamisi.

— Astaghfirullah!

— Nimeuliza tu, mzee wangu.

— Usiulize!

Simu ya Bakary ikaita. Alikuwa mtu wa mashua, anasema maji yanapungua, kama wanakwenda waende. Bakary akasema nakuja, akakata, akajishika magoti kuinuka.

Ridhiwani aliinuka kabla yake. Hakuwa amepanga kusimama; miguu ilisimama yenyewe, ikamweka kati ya shemeji yake na barabara. Si mtu wa makelele. Tangu amwoe Hamida alikuwa hajawahi kumpinga Bakary hata kwenye bei ya mbuzi wa akika.

— Shemeji, nikusemeshe. Usinikatize.

— Sema.

— Hapa tulipo, adhana ya msikiti gani tunaisikia?

— Wa stendi. Una spika kubwa.

— Na ule msikiti mdogo wa nyuma ya soko, tunausikia?

— Hauna spika.

— Kwa hiyo hawaswali?

Bakary akageuka kutazama upande wa soko.

— Ndivyo daktari alivyosema, sasa nakumbuka. Wao wanaweka kiwango. Penye sauti iliyovuka kiwango wanapaka rangi. Pasipovuka wanapaacha kijivu. Kijivu si kufa, shemeji. Kijivu ni kwamba kutoka hapa walipokaa hawakusikia. Inawezekana pamekufa, inawezekana watu wamejaa mpaka nje, picha hii haijui. Na lile jeraha lenyewe linatazamwa kwa picha ya namna nyingine kabisa, si hii. Na upande wenye rangi nao usiushangilie. Mtu anaweza kupiga kelele kwa sababu anafanya kazi, na anaweza kupiga kelele kwa sababu kazi imemshinda. Hayo yote aliyasema. Mimi ndiye niliyekuwa natazama wekundu tu.

— Msikiti wa nyuma ya soko hauna spika kwa sababu kamati yake walikula mchango, alisema Jonas.

— Fezi, nyamaza! walisema watu wawili kwa pamoja, na mmoja wao alikuwa Bakary.

Ridhiwani akavuta pumzi.

— Nakuongezea. Juzi mama Saida ameonja mchuzi niliopika mimi. Akaweka kijiko. Akahangaika, akahangaika, mimi nimekaa tu namngoja kama walivyonifundisha Lindi. Halafu akasema: chumvi.

— Chumvi?

— Chumvi.

— Miezi yote hii, Bakary alisema, safari zote hizo, vumbi lote hilo, chumvi?

— Mchuzi haukuwa na chumvi, shemeji! Nilikuwa nimesahau! Hakukariri, hakutukana, hakusoma dua. Alikuwa na jambo la kuniambia, akaniambia. Wewe unaona neno moja. Mimi niliinuka kwenda kuchukua chumvi nikakaa jikoni nalia.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Klementi alikuwa amefunga macho, na safari hii hakuwa anasoma ubao wowote.

— Leo hapandi mashua, Ridhiwani alisema. Kesho anapanda basi. Ukitaka tugombane mbele ya watu, haya, tugombane. Ukitaka uniite mwanamume mbishi niliyekosa adabu kwa wakwe, niite. Lakini kwa picha hii humchukui.

— Picha hii umenitumia wewe.

— Nimekutumia mimi.

— Ukasema, nanukuu, "shemeji, tazama kichwa cha mwenzangu."

— Nilisema.

— Basi nimekitazama! Bakary akapandisha sauti, na ndani ya sauti ile kulikuwa na mtu anayeogopa. Nimekitazama usiku na mchana! Nimeona giza, Ridhiwani! Unataka nione nini? Ni dada yangu, alikuwa akianza kusema hamalizi, leo nakaa naye tunatazamana kama watu wanaosubiri gari. Sitaki ahangaishwe kwa kitu ambacho hakipo. Namwonea huruma, basi! Nimeshamwambia Saida afunge mkoba. Hao wanakuja.

Na kweli walikuwa wanakuja. Saida, binti yao, amebeba mkoba, na Hamida mbele yake, ndani ya baibui, mguu wa kulia unaburuta na kuacha mstari mchangani. Hakushikwa mkono. Alikuwa amekataa kushikwa, ilionekana, kwa sababu Saida alikuwa anatembea na mkono wake nusu hewani. Wanaume wa kijiweni wakakaa vizuri. Jonas akaficha bisibisi. Tangu benchi lile lilazwe, hakuna mwanamke aliyewahi kuja kusimama mbele yake isipokuwa anamtafuta mumewe.

— Shikamooni, alisema Saida.

— Marahaba.

Hamida akawatazama mmoja mmoja. Akamtazama mumewe aliyesimama katikati ya njia, akamtazama kaka yake aliyekunja uso kwa hasira, akatazama simu.

— Karibu, mdogo wangu, Bakary alisema, na sauti ikashuka ghafla ikawa ya mtu anayembembeleza mtoto. Mashua ipo, twende zetu nyumbani. Mumeo hapa anabisha, lakini mimi sitaki usumbuke. Tazama mwenyewe. Unaona? Kulia kunawaka. Huku kwenye maneno, giza. Ndiyo hali yako, mama. Si kosa lako.

Hamida aliichukua simu kwa mkono wa kushoto. Akaisogeza karibu. Akaiweka mbali. Akaigeuza, picha ikageuka nayo, akairudisha. Mdomo ukafunguka, haukutoa kitu.

— Anataka kusema kwamba... Saida alianza.

Ridhiwani akainua kidole kimoja tu, Saida akanyamaza.

Wakangoja. Lilikuwa jambo gumu, nawaambieni, kwa benchi lile. Jonas alijiuma midomo. Khamisi Dele alishika birika akaliachia. Pikipiki ikapita, ikapita ya pili. Bakary akafumbua mdomo mara mbili, na mara mbili akaufumba, kwa sababu shemeji yake alikuwa amesimama pale na kidole chake hewani na uso usiokuwa na mzaha. Shingo ya Hamida ilikuwa imekaza. Alikuwa anavuta kitu kutoka mbali na hakuwa tayari kukiacha.

— Na... alisema. Akapumzika. Akaanza upya.

— Nani?

Akagusa kioo cha simu kwa kidole gumba.

— Huyu. Nani?

— Ni wewe, mdogo wangu, Bakary alisema haraka. Ubongo wako huo.

Hamida akatikisa kichwa, polepole, kushoto na kulia. Akagonga picha tena.

— Nani?

Bakary akamgeukia Ridhiwani.

— Si wake huu?

Ridhiwani alifungua mdomo aseme ndiyo. Ndiyo haikutoka. Yule daktari kijana hakuwa amemtumia yeye peke yake. Aliituma kwenye kundi la simu, kundi la jamaa wote waliopeleka wagonjwa. Na siku ile jibu la kwanza lilitoka kwa mama mmoja wa Mingoyo, aliandika ahsante sana daktari kwa picha ya mume wangu. Halafu kijana mmoja wa Lindi mjini akashukuru kwa picha ya mama yake. Halafu yeye, Ridhiwani, akashukuru kwa picha ya Hamida. Picha ilikuwa moja. Wote waliishukuru hiyohiyo, na hakuna hata mmoja wao aliyeshtuka.

— Shemeji, alisema. Picha hii tulitumiwa wote.

— Wote kina nani?

— Wote tuliokwenda Dar. Hii moja.

— Kwa hiyo ni ya nani? aliuliza Jonas.

— Sijui. Labda ya mmoja wao. Labda wamechukua za wote wakazichanganya, wakapata moja.

— Wastani, alisema Mwalimu Klementi.

Kila mtu akamtazama, wakasubiri aendelee, maana hajawahi kusema neno moja akaliacha peke yake. Mzee alitafuna ufizi, akatazama chini ya benchi, hakuongeza.

— Mwalimu, wastani ndiyo nani? Bakary alimuuliza.

— Si mtu, Bakary.

Simu ikaita mkononi mwa Hamida. Ile picha ikapotea, likaja jina la mtu wa mashua. Bakary alinyoosha mkono achukue, Hamida akaivuta nyuma kidogo, si kwa ubishi, ni kwamba alikuwa bado hajajibiwa. Basi Bakary akainama, akabonyeza palepale mkononi mwa dada yake, akasema kwa sauti iliyokuwa imekwisha nguvu:

— Naja. Nivushe peke yangu.

Mtu wa mashua akauliza, na mgonjwa je? Benchi zima lilisikia. Bakary alikata simu, picha ikarudi kwenye kioo, nusu nyekundu na nusu kijivu, na Hamida akaiinua tena mbele ya macho yao, akasubiri.